Kutunza logi kwa miaka bila kuifilisi ofisi

Mtu akipanga kuhifadhi logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huandika mstari kwa mstari kuhusu kila kinachotokea, kwenye wingu (kompyuta za kukodi kupitia mtandao) kwa muda mrefu, kwanza huangalia bei ya kuhifadhi. Kwetu bei hiyo ndiyo iliyotusumbua kidogo kuliko zote. Pesa ziliishia kwenye mlango wa kuingizia data, kwenye wingi wa faili ndogondogo, na kwenye kutafuta vitu ambavyo havikupangwa vitafutike. Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa katika kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayounganisha maduka, shule na mawakala na benki pamoja na mitandao ya malipo ya simu. Nawaandikia hasa vijana wanaoanzisha huduma za aina hii, ambao bili ya wingu huwafikia kwa dola ilhali wateja wao wanalipa kwa shilingi.

Kwa nini tunatunza? Mzazi analipa ada kwa simu mwezi Januari. Mwezi Novemba anaambiwa shuleni kwamba fedha hazikuonekana na mtoto anadaiwa. Ujumbe wa simu umeshafutika, pengine na simu yenyewe imeshabadilishwa. Hifadhidata yetu inaonyesha hali ya mwisho tu: muamala umekamilika. Haisemi kwamba taarifa ya malipo ilipelekwa mara tatu, kwamba mara mbili za kwanza mfumo wa upande wa pili haukujibu, na kwamba mara ya tatu ulijibu kwa namba ya kumbukumbu ambayo mhasibu wa shule anaweza kuitafuta kwenye vitabu vyake. Hayo yote yamo kwenye logi. Mzazi yule hana ushahidi mwingine, na sisi tunaolipwa kushika njia ya fedha zake tuna wajibu wa kuwa nao.

Kuna pia matakwa ya wakaguzi. Anayegusa malipo ya kadi anabanwa na kiwango cha PCI DSS, cha usalama wa data za kadi, kinachotaka logi za ukaguzi zitunzwe miezi 12 kwa uchache, na za miezi mitatu ya karibuni ziwe tayari kusomwa papo hapo. Sentensi hiyo moja inakupa nusu ya mpango wako: tabaka la karibu la miezi mitatu, na tabaka la mbali kwa muda unaobaki.

Sasa hesabu. Chukua huduma inayotoa gigabaiti 100 za logi kwa siku. Natumia bei za wingu la Amazon za kanda (eneo lenye vituo vyake vya data) ya Virginia Kaskazini kwa kuwa ndizo zinazotajwa mara nyingi. Cape Town, kanda iliyofunguliwa mwaka 2020, iko juu zaidi, lakini picha ni ileile. Ukipeleka logi zote CloudWatch, huduma ya Amazon ya kupokea na kutazama logi, unatozwa dola 0.50 kwa kila gigabaiti inayopokelewa. Kwa mwezi ni dola 1,500, na hapo hujatunza kitu. Kutunza ni dola 0.03 kwa gigabaiti kwa mwezi, tena hupimwa baada ya data kubanwa (kupunguzwa ukubwa). Hata ukilundika mwaka mzima, gharama ya mwezi ya kutunza haizidi sana sehemu ya kumi ya gharama ya kupokea.

Mjadala wa kwanza ofisini ulihusu muda. Usipogusa mpangilio, CloudWatch hutunza logi bila kikomo, basi tukaweka siku 30. Ni hatua nzuri na kila mtu aichukue leo. Ila bili haikutikisika. Aliyetufungua macho ni mama wa uhasibu, mtu asiyeandika programu. Alikuja na karatasi mkononi, baada ya shikamoo akaketi, akaonyesha mistari miwili.

"Wanangu, hapa mnalipia kupokea, na hapa mnalipia kutunza. Hii ya kupokea ndiyo kubwa. Kwani kila kitu lazima kipite mlango huu?"

"Hapana, Mama, si lazima."

"Basi kwa nini kinapita?"

Tulikaa tukapitia mistari ya logi aina kwa aina. Sehemu kubwa haikuwa na habari yoyote ya mteja. Mtambo unaogawa maombi kwenye seva huuliza kila baada ya sekunde chache kama huduma iko hai, huduma hujibu kwamba iko hai, na swali na jibu vyote vinaandikwa. Kulikuwa na mistari ya kutafutia hitilafu iliyowashwa wakati wa tatizo fulani, tatizo likaisha na mistari ikaendelea kuandikwa. Kulikuwa na huduma tatu zinazoandika tukio moja kwa maneno tofauti. Kazi ya kupunguza haya haina utukufu wowote na hakuna atakayekupongeza kwa kuifanya, lakini hakuna hatua nyingine inayoifikia kwa faida, kwa sababu mstari usioandikwa haulipiwi kupokelewa, kubanwa, kuhamishwa wala kusomwa.

Mistari iliyobaki tuliigawa njia mbili. Makosa na matukio yanayohitaji kengele huenda CloudWatch, ambako wahandisi wa zamu wanayatazama. Mengine yote huenda moja kwa moja S3, hifadhi ya faili ya Amazon, ambako kuingiza data hakutozwi kwa gigabaiti. Unalipa kwa idadi ya maombi ya kuandika, dola 0.005 kwa kila 1,000. Kazi ya kukusanya tumeipa Fluent Bit, programu nyepesi iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayokaa kwenye kila mashine na kuzisoma logi za makontena yote (vifurushi ambamo programu huendeshwa) ya mashine hiyo. Tumeiwekea akiba kwenye diski, ili mtandao ukikatika mistari isubiri badala ya kupotea.

Jambo moja dogo hapa linapitwa na wengi. Seva zikiwa kwenye mtandao wa ndani na zikatoka nje kupitia NAT Gateway, lango la Amazon la kutokea kwenye intaneti, kila gigabaiti inayopita hutozwa dola 0.045. Kwa gigabaiti 100 kwa siku hizo ni dola 135 kwa mwezi, kwa data ambayo haikuwa na haja ya kupita huko. Kuna njia ya ndani kwenda S3, ile inayoitwa gateway endpoint, na ni ya bure. Kuiwasha ni kazi ya dakika chache.

Kubana ni lazima, na kubana kufanyike kwenye mashine inayotoa logi, kabla data haijasafiri. Logi hubanwa vizuri kuliko karibu maandishi mengine yote kwa sababu mistari inafanana: majina ya huduma yaleyale, sehemu zilezile za JSON (muundo wa kuandika data kwa maandishi), tarehe zinazotofautiana kwa sekunde. Kupungua mara kumi ni jambo la kawaida, kwa hiyo gigabaiti 100 za siku zinakuwa kama 10. Tulibishana kuhusu njia ya kubana iitwayo Zstandard, ambayo ina kasi zaidi na hubana vizuri zaidi. Mwishowe tukachagua gzip kwa tabaka la mbali. Imekuwepo tangu mwaka 1992 na karibu kila mashine inaweza kuifungua. Faili itakayofunguliwa miaka saba baadaye na mtu ambaye bado hajaajiriwa inastahili muundo uliozoeleka kuliko wenye mbio.

Sasa nifike kwenye faili ndogondogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona kampuni nyingi zikipoteza pesa kimyakimya.

Tuseme una makontena 40 na kila moja linapeleka faili moja kwa dakika. Kwa siku ni faili 57,600, na kwa mwaka zaidi ya milioni 21. Kila faili ina ukubwa wa kilobaiti 180 hivi baada ya kubanwa. Zote kwa pamoja ni terabaiti 3.65 kwa mwaka, na kwa bei ya Glacier Deep Archive, tabaka la S3 la bei ya chini kuliko yote, dola 0.00099 kwa gigabaiti kwa mwezi, hiyo ni takriban dola 3.60 kwa mwezi. Ukiitazama namba hiyo peke yake unaona umemaliza kazi. Lakini kuhamisha faili kwenda Deep Archive hutozwa dola 0.05 kwa kila faili 1,000, kwa hiyo milioni 21 zinagharimu zaidi ya dola 1,000. Juu ya hapo, kila faili iliyoko Deep Archive hubeba kilobaiti 40 za maelezo yake: 32 kwa bei ya Deep Archive na nane kwa bei ya kawaida ya S3, ambayo ni zaidi ya mara 20 ya ile. Ukizijumlisha kwa faili milioni 21, maelezo hayo peke yake yanapita dola nne kwa mwezi. Lebo zinagharimu kuliko mzigo.

Dawa yake ni kuunganisha kabla ya kuhamisha. Kila saa ikiisha, kazi ndogo inakusanya faili za saa hiyo za huduma moja na kuzifanya chache na kubwa. Gzip ina sifa moja nzuri sana hapa: faili mbili za gzip zikiunganishwa mkia kwa kichwa, matokeo ni faili halali ya gzip. Huna haja ya kufungua na kubana upya. Ukifikia wastani wa megabaiti 256 kwa faili, siku nzima inakuwa na faili kama 40, mwaka unakuwa na 14,600, na gharama ya kuzihamisha zote haifiki dola moja. Kutoka dola elfu na ushei hadi chini ya dola moja, kwa data ileile, kwa kazi inayoandikwa na mtu mmoja asubuhi moja. Tangu Septemba 2024 S3 yenyewe, usipoiambia vinginevyo, haihamishi faili zilizo chini ya kilobaiti 128, jambo linalosaidia. Faili za kilobaiti 180, hata hivyo, zinavuka kizingiti hicho na kuhamishwa zote.

Kuhusu tabaka nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaukubali. Wengi wakishajua bei ya Deep Archive hutaka kutupa kila kitu huko. Mimi nasema logi za njia ya fedha zisiende huko kabisa katika mwaka wa kwanza na wa pili. Kurudisha faili kutoka Deep Archive huchukua hadi saa 12 kwa njia ya kawaida, na hadi 48 kwa njia ya bei nafuu. Mzazi aliyesimama kwenye dirisha la shule hawezi kusubiri hivyo, na mara nyingi swali la kwanza likishajibiwa huzaa la pili linalohitaji faili nyingine, na saa 12 nyingine zinaanza. Glacier Instant Retrieval, tabaka jingine la S3, ni dola 0.004 kwa gigabaiti kwa mwezi na husomwa papo hapo. Kwa terabaiti 3.65 ni chini ya dola 15 kwa mwezi. Tofauti na Deep Archive ni kama dola 11. Sijawahi kuona pesa iliyotumika vizuri zaidi ya hiyo katika kazi yetu. Rahisi ni ghali, na kwenye hifadhi ya logi ughali wake huonekana siku unapotakiwa kujibu.

Deep Archive tumeiachia logi ambazo sheria au mkataba unataka ziwepo lakini hakuna anayezisoma: nani aliingia kwenye mfumo, nani alibadilisha ruhusa, miaka iliyopita. Ukumbuke kwamba huko unalipia siku 180 kwa uchache hata ukifuta mapema, na Instant Retrieval ni siku 90. Kanuni za kuhamisha zikipangwa bila kuangalia hilo, unaweza kujikuta unalipia faili iliyokwisha kufutwa. Vilevile weka kanuni ya kufuta vipande vya upakiaji uliokatika katikati. Havionekani kwenye orodha ya faili, lakini vinatozwa.

Mpangilio wa njia za faili ni wa kuamuliwa siku ya kwanza, maana kubadilisha baadaye ni kuhamisha mamilioni ya vitu. Sisi tunapanga kwa huduma, kisha mwaka, mwezi, siku na saa. Kupanga kwa jina la seva hakusaidii, kwa sababu hakuna mteja anayejua alihudumiwa na seva ipi. Anachojua ni siku na saa. Na bei inaliunga mkono hilo. Athena, huduma ya Amazon ya kutafuta ndani ya faili za S3, hutoza dola 5 kwa kila terabaiti inayosomwa, na Instant Retrieval hutoza dola 0.03 kwa kila gigabaiti inayotolewa. Kupekua siku moja ya logi zetu za mfano, gigabaiti 10, ni senti 35 za dola. Kupekua mwaka mzima kwa kuwa hujui pa kuanzia ni zaidi ya dola 125. Mtu wa huduma kwa wateja akifanya hivyo mara kwa mara, akiba yote uliyoisumbukia imekwisha.

Saa nazo zina mambo yake kwetu Afrika Mashariki. Logi zote zinaandikwa kwa saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia, na lazima iwe hivyo. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Lakini mteja anahesabu saa zake kwa Kiswahili, na siku yake ya usiku haikatiki katikati ya giza.

"Kaka," aliniambia dada wa huduma kwa wateja, "mteja anasema alilipa Ijumaa usiku, saa saba. Nimetafuta Ijumaa saa 19:00, sikuona kitu."

Saa saba usiku ni 01:00, na kwenye kalenda hiyo ni Jumamosi. Kwenye logi ni 22:00 ya Ijumaa, kwa UTC. Angelipa saa kumi alfajiri, logi ingesema 01:00 ya Jumamosi, na huenda mteja bado angesema ilikuwa Ijumaa usiku. Sasa fomu ya kutafutia inamwachia mhudumu achague maneno kama alivyosema mteja: siku, kisha asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa ya Kiswahili. Mfumo unageuza wenyewe, na kwa saa za usiku unatafuta pande zote mbili za usiku wa manane. Sidhani kama nimewahi kufanya badiliko dogo lililopunguza utafutaji wa bure kiasi hicho.

Ziada ya hapo tuna faharasa. Kila siku kazi ya kuunganisha inatoa jedwali dogo lenye namba ya muamala, saa yake na jina la faili ilimo. Jedwali hilo linakaa kwenye S3 ya kawaida wakati wote, hata faili zenyewe zikishakwenda Deep Archive. Likitokea swali la miaka mitatu iliyopita tunajua ni faili ipi hasa ya kurudisha, na tunarudisha moja badala ya mwezi mzima.

Jambo la mwisho ni zito kuliko bei. Logi za malipo zimejaa maisha ya watu: namba za simu, majina, kiasi walicholipa, saa walizokuwa macho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinataka taarifa zisitunzwe kupita haja yake. Mhandisi anayesema "hifadhi ni rahisi, tutunze kila kitu milele" anaamua juu ya watu ambao hakuwauliza. Mistari inayochapisha ombi zima la mteja ndiyo hatari kubwa, na namba ya siri ya nyuma ya kadi hairuhusiwi kabisa kubaki popote muamala ukishaidhinishwa.

Kwa hiyo namba za simu tunazificha kwenye mashine inayotoa logi, kabla hazijatoka. Tunazipitisha kwenye HMAC, hesabu inayogeuza namba kuwa alama isiyorudishika, yenye ufunguo wa siri, hivyo namba moja hutoa alama ileile kila mara. Mteja akitupa namba yake tunaweza kuitafuta alama yake, lakini mtu akiiba faili hapati namba. Mpangilio huu lazima utangulie Object Lock, kufuli ya S3 inayozuia faili isifutwe. Faili ikifungwa kwa hali yake kali, iitwayo compliance, hakuna anayeweza kuifuta hadi muda wake uishe, hata mwenye akaunti kuu. Kwa logi za ukaguzi hiyo ni ngao nzuri sana dhidi ya mtu wa ndani anayetaka kufuta nyayo zake. Kwa faili yenye taarifa za mtu ambazo hazikupaswa kuwemo, ni kifungo cha miaka. Hali kali tumeiwekea logi za ukaguzi peke yake, na kila kundi lina tarehe ya kufutwa iliyoandikwa na kukubaliwa na mwanasheria wa kampuni.

Kila robo mwaka tunachagua muamala mmoja wa zamani bila mpangilio, tunampa mhandisi mgeni kuliko wote, na tunamwachia autafute peke yake tangu siku na saa kwa Kiswahili hadi mstari wenyewe. Anaandika alichukua muda gani, ni wapi maelezo yalimwacha gizani, na ruhusa gani hakuwa nayo. Maelezo hayo, pamoja na orodha ya sehemu za kila mstari na maana yake kwa kila toleo la programu, tunayaweka kwenye baketi (chombo cha faili cha S3) ileile ya logi, kwenye faili ya maandishi ya kawaida isiyobanwa wala kuhamishwa.